Dukani na Udalalini

Saa ya baina ya Alasiri na Magharibi, ambapo mabaraza ya mtaa wetu hujaa watu waliokwisha kumaliza haja zao lakini bado hawana haraka ya kurudi majumbani, ilibishwa hodi kwangu, na aliyeingia alikuwa binti wa rafiki yangu wa ujanani, ambaye baada ya kuniamkia na kuulizana hali za wakubwa na wadogo aliketi ukumbini akawa anakizungusha kikombe cha kahawa asikinywe, mpaka nikatambua kuwa amekuja kwa jambo. "Ami," alisema hatimaye, "nataka kuacha duka."

Duka alilolitaja si lake. Ni duka kubwa, lenye rafu ndefu na mashine za kulipia, ambalo kwa miaka 11 amekuwa msimamizi wake: ndiye ajuaye mchele umebaki magunia mangapi, ndiye apokeaye shehena itokayo Dubai na Dar es Salaam, ndiye atatuaye ugomvi wa watumishi na malalamiko ya washitiri, na ndiye alalaye na funguo za mlango wa chuma chini ya mto wake. Sasa kampuni moja iuzayo nyumba za ghorofa nje ya mji imemwita awe afisa mauzo, kwa mshahara ulio mdogo kuliko alionao, pamoja na ujira juu ya kila nyumba atakayoiuza. Na alipouliza mshahara huo utamtosha vipi, aliambiwa kwamba mtu hodari haangalii mshahara. Sikumjibu siku ile ile, kwani njia aliyoiulizia nimeipita mwenyewe kwa miguu, kutoka nyuma ya meza ya duka la vitambaa la Darajani mpaka kwenye udalali wa nyumba na viwanja, nami najua ni wapi inapoteleza. Haya ndiyo niliyomwambia baadaye, pamoja na mengine ambayo sikumwambia kwa kuwa usiku ulituingilia.

Kwanza afahamu kwamba safari ya kutoka dukani kwenda kwenye milki si ya leo. Katika karne ya 19, karafuu ilipokuwa ndiyo uhai wa visiwa hivi vya Unguja na Pemba, mwenye shamba aghalabu hakuwa na fedha taslimu, na mwenye duka alikuwa nazo. Mwenye shamba akakopa nguo, mchele na rupia kwa kutarajia mavuno, na kwa kuwa riba ni haramu, deni likavikwa joho la mauziano yaliyoitwa bei ya khiyari, ambayo mkopaji humuuzia mkopeshaji shamba au nyumba yake kwa sharti la kuwa na hiari ya kuikomboa ndani ya muda maalumu, na huku akiendelea kukaa humo kwa kulipa kodi. Mavuno yalipoanguka, au bei ya karafuu ilipoporomoka, hiari ilikwisha na milki ikahama, na muuza nguo akaamka asubuhi akiwa na minazi na mikarafuu ambayo hakuwahi kuitamani. Jambo hili lilikua hata serikali ya Kiingereza ikatunga sheria, mwaka 1934, ya kuzuia ardhi ya Waarabu na Waafrika isihamie mikononi mwa wengine pasi na idhini, na magomvi ya miaka ile juu ya ardhi, madeni na biashara ya karafuu yakafika hadi kwenye mgomo wa 1937 na 1938. Nayasimulia haya kwa sababu kijana wa leo hudhani duka na ardhi ni elimu mbili zisizojuana, ilhali katika Unguja hii daftari la duka limekuwa mara nyingi ndiyo hati ya kwanza ya nyumba.

Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 mlango huo ulifungwa kwa kishindo. Ardhi yote ilitangazwa kuwa mali ya serikali, na kuanzia mwaka 1965 mashamba yaliyotwaliwa yakagawiwa wananchi eka tatu tatu. Majumba mengi ya Mji Mkongwe yakaingia mikononi mwa dola. Biashara ya kuingiza bidhaa nayo ikashikwa na mashirika ya serikali, hata sisi wa rika langu tukakua tukipanga foleni ya mchele na sukari. Siku zile dalali wa nyumba hakuwa na cha kunadi. Mambo yalianza kulegea katika mwaka 1984, Mzee Ali Hassan Mwinyi alipokuwa Rais wa Zanzibar, biashara ikafunguliwa na Darajani ikafurika vitambaa, redio na manukato kutoka Dubai. Nasi tuliokuwa vijana tukaingia dukani kwa kuwa duka ndilo lililokuwa wazi. Ardhi ilichelewa. Sheria ya umiliki wa ardhi, namba 12 ya mwaka 1992, ndiyo iliyoitengeneza upya haki ya matumizi ya ardhi ambayo Mzanzibari aweza kupewa, kuirithisha na kuihaulisha, na mwaka 2010 ikaja sheria ya kumiliki nyumba moja moja ndani ya jengo la pamoja, ambayo kwayo hata mgeni alipata njia ya kumiliki fleti pasi na kumiliki ardhi iliyo chini yake. Hapo ndipo zilipozaliwa kazi kama hii aliyoitiwa binti huyu.

Na haja ya makaazi ipo, wala si ya kubuni. Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu watu 1,303,569 katika Unguja na Pemba. Ile ya 2022 ikawahesabu 1,889,773. Katika miaka kumi watu karibu laki sita wameongezeka juu ya ardhi ambayo haikuongezeka hata shubiri moja, na mwenye macho huiona taathira yake akipanda daladala kwenda Tunguu, Fuoni au Fumba: pale palipokuwa na mihogo pana misingi, na pale palipokuwa na misingi pana mabati yanayong'aa.

Lakini neno lenyewe "dalali" limetoka katika Kiarabu, katika kitenzi chenye maana ya kuonyesha njia, na mtu hawezi kuonyesha njia asiyoijua. Dukani bidhaa ina mwenyewe mmoja, naye yuko ofisini au yuko Dubai. Ina bei iliyobandikwa. Ikiwa mbovu hurudishwa, na ikiwa haikununuliwa leo hununuliwa kesho na mwingine. Nyumba ya Unguja haina hata sifa moja katika hizo, na ghururi ya kwanza ya mtu atokaye dukani ni kuipima kwa pishi aliyoizoea.

Nitatoa mfano ulionifika mwenyewe, katika mwaka wangu wa pili wa kazi hii, nilipokuwa bado nikijiona mwerevu. Nilipewa kiwanja katika kijiji kimoja cha kusini, kwenye mawe mawe karibu na pwani, kikiwa na minazi tisa iliyosimama vizuri kama imepangwa na mchoraji. Mwenye kukiuza nilimjua, sheha alimjua, jirani zake wa mashariki na magharibi walikiri kuwa ni chake, na mshitiri alikwisha kutoa kishika uchumba. Siku ya kuandikiana alitokea bibi mmoja amejitanda kanga, akisindikizwa na mjukuu wake, akasema kwa upole mkubwa kwamba hana neno na ardhi, lakini minazi mitano katika ile tisa aliipanda babu yake mzaa mama, na yeye ndiye aiangushaye kila mwaka. Nilikuwa mtu wa vitambaa. Kwangu kilichosimama juu ya rafu kilikuwa cha mwenye rafu. Sikuwa nimetia akilini kwamba katika desturi za mashamba yetu mti waweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwenyewe mwingine, na kwamba mnazi hurithiwa, huwekwa rehani na huuzwa peke yake. Bibi alilipwa haki yake, mshitiri akanuna, na mimi ujira wangu ukaliwa na minazi ile mitano. Tangu siku ile kila kiwanja chenye miti naanza kwa kuuliza nani huvuna, kabla sijauliza nani mwenye ardhi.

Eka tatu nazo zina fundo lake. Aliyegawiwa hakupewa ili auze wala akate vipande. Alipewa alime, na baada yake walime warithi wake. Mji ukapanuka, muhogo ukawa hauna thamani mbele ya tofali, na eka zikakatwa viwanja, kikauzwa kimoja baada ya kingine kwa karatasi ya mauziano yenye sahihi za mashahidi na muhuri wa sheha. Hapa ndipo wanapoanguka wengi, na si maskini tu: muhuri wa sheha hushuhudia kwamba fulani amemuuzia fulani mbele yake, haushuhudii kwamba huyo fulani alikuwa na uwezo wa kuuza. Mtu aliyezoea risiti ya duka, ambayo mtu akishaipata hana haja ya kuuliza zaidi, huipokea karatasi ile kwa moyo mkunjufu kama kwamba ndiyo hati, kisha huijengea nyumba ya shilingi milioni mia. Kazi ya kwenda Kamisheni ya Ardhi kuuliza kama kiwanja kimepimwa, kimeandikishwa kwa jina la nani, na kama uhaulishaji umepata idhini, haina ujira siku inapofanywa, na ndiyo maana madalali wengi huikwepa. Mimi naihesabu kuwa ndiyo kazi yenyewe, na yaliyobaki ni matembezi.

Mjini mambo ni mazito zaidi. Katika Mji Mkongwe nyumba mbili zinazoshiriki ukuta mmoja zaweza kuwa na hukumu mbili tofauti kabisa: moja ni milki ya mtu, na ya pili ni wakfu uliowekwa na marehemu aliyekufa kabla ya vita vya kwanza vya dunia, au ni ya serikali. Wakfu hauuzwi, haupewi zawadi wala haurithiwi, uko chini ya Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na anayesema anakuuzia nyumba ya wakfu ama hajui alisemalo, ama anachokuuzia ni kilemba, yaani fedha ya kumtoa mpangaji aliyemo ili uingie upangaji wewe. Kilemba ni kitu kingine na nyumba ni kitu kingine, japokuwa mdomoni mwa dalali asiyeogopa hisabu huitwa kwa jina moja.

Na hata ikiwa nyumba ni milki halali isiyo na doa, bado haijawa na mwenyewe mmoja. Chukua mfano wa mzee aliyefariki akaacha mke, watoto wawili wanaume na watatu wanawake, na nyumba moja Kiponda yenye thamani ya shilingi milioni 240. Mke ana thumuni, ambayo ni milioni 30; thumuni saba zilizobaki huwagawia wanaume milioni 60 kila mmoja na wanawake milioni 30 kila mmoja, na hisabu ikatimia pasi na baki. Mfano mwepesi huu, laiti kila mirathi ingekuwa hivi. Lakini mirathi yetu haigawiwi mapema. Nyumba hukaa kwa ajili ya heshima ya marehemu, mtoto mmoja wa kiume akafia Muscat akiwa na wake wawili na watoto sita, binti mmoja akafia Pemba akaacha mume, na kabla nyumba haijauzwa inakuwa na warithi kumi na wengine juu yao, ambao baadhi hawajapata hata kuuona mlango wake. Mafakihi huiita hali hii munasakha, na Kadhi ndiye wa kuifungua. Dalali ambaye hakujisumbua kuandika shajara ya ukoo huo katika daftari, jina kwa jina na ghaibu kwa aliyepo, atakuwa ameuza sehemu tano za nane kwa bei ya nyumba nzima, na pesa itakapokwisha kuliwa ndipo mwenye haki atakaposhuka kwenye boti.

Basi, ataniuliza msomaji, kama ni hivyo, mtu wa dukani ana faida gani katika kazi hii? Anayo, na kubwa, ila si ile anayoidhani. Yeye hudhani faida yake ni ulimi, kwa kuwa amezoea kumshawishi mshitiri; na kampuni zinazomwita nazo hudhani vivyo hivyo. Ulimi wanao wengi, na katika mji mdogo ambamo kila mtu ni jamaa wa mtu, ulimi mrefu hugunduliwa kabla ya jua kuchwa. Mali ya kweli atakayotoka nayo dukani ni ile tabia kavu ya kuhesabu stoo kila mwisho wa mwezi, kutokuamini gunia mpaka limepimwa, kutokuandika "limepokewa" mpaka limefunguliwa. Msimamizi wa duka aliyewahi kupokea katoni mia za maziwa akagundua ishirini zimekwisha muda wake hatakuwa na haya ya kumuuliza mwenye nyumba, mbele za watu, boriti za dari zimetazamwa lini. Suala hilo katika Mji Mkongwe halina mzaha: nyumba zake zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, dari zimelazwa juu ya boriti za mikoko, na maji ya mvua yakipata njia ya kuingia katika chokaa huila nyumba kimya kimya kwa miaka, mpaka siku moja ukuta unaondoka. Beit el Ajaib yenyewe, jumba la Sayyid Barghash la mwaka 1883, lilianguka upande mmoja mchana wa tarehe 25 Disemba 2020, likiwa katika matengenezo, na watu wawili wakapoteza maisha. Sembuse nyumba ya mjane wa Sokomuhogo. Na mnunuzi atakayetaka kuitengeneza lazima aelezwe mapema kwamba mji huu uko katika urithi wa dunia tangu mwaka 2000, kwamba Mamlaka ya Mji Mkongwe ndiyo itakayomruhusu au kumkataza kubadili dirisha, na kwamba saruji aipendayo fundi wake ni adui wa chokaa.

Faida ya pili ni kuwajua watu kwa madeni yao. Aliyekopesha nyuma ya meza ya duka anajua nani hulipa bila kukumbushwa, nani hulipa akikumbushwa, na nani huhama njia akuonapo. Na elimu hiyo, ambayo haisomeshwi skuli yoyote, ina thamani zaidi kuliko orodha ya simu elfu moja.

Sasa tuje kwenye riziki, jambo ambalo yule binti alilizungumza kwa sauti ya chini. Mshahara ni kama maji ya mfereji: machache, lakini yana saa yake. Ujira wa udalali ni maji ya masika. Kisheria, kwa wanavyoueleza mafakihi, ni katika mlango wa juala: mwenye mali ameahidi malipo kwa atakayetimiza jambo, na jambo lisipotimia hakuna malipo, hata kama mtu amekwenda Nungwi na kurudi mara arobaini kwa nauli yake mwenyewe. Katika kupangisha, desturi ni kodi ya mwezi mmoja, nayo huja upesi. Katika kuuza, asilimia huafikiwa, na huja pale tu fedha inapohama. Mimi mwaka wangu wa kwanza niliuza kitu kimoja, nacho kilikuwa kibanda. Aliyezoea duka huteswa na hali hii kuliko mtu mwingine yeyote, kwa kuwa kila jioni amezoea kufunga hisabu na kuona kitu, na jioni nyingi za dalali hazina cha kufungwa. Kwa hiyo nilimwambia asiwe na tamaa ya kuondoka kabla hajaweka akiba ya matumizi ya mwaka mzima. Si ya miezi mitatu, kama alivyoshauriwa na kampuni, ambayo yenyewe haina watoto wa kuwalipia ada.

Njaa ndiyo mama wa maovu yote ya kazi hii, na nimeyaona yakizaliwa. La kwanza ni cha juu: mwenye nyumba ametaja bei yake, dalali akaongeza ya kwake bila kumjulisha, kisha akawatenga wawili hao wasikutane mpaka karatasi zimekwisha. Wako wanaoihalalisha kwa kusema kwamba kila mfanyabiashara hununua kwa bei moja na kuuza kwa nyingine. Hoja hiyo ni ya dukani, na hapa haifai hata kidogo, kwa kuwa mwenye duka ameinunua bidhaa, ameibeba hasara yake na ameilipia stoo, ilhali dalali hakununua chochote: amekaa na amana ya mtu. La pili ni kumleta mnunuzi wa uongo atoe bei kubwa ili wa kweli apande, jambo ambalo limekatazwa kwa jina lake katika dini yetu na kuitwa najshi. La tatu ni mnyororo, ambapo madalali watano, mmoja akimjua wa pili na wa pili akimjua wa tatu, wanauza nyumba ambayo wa kwanza hajapata kuiona, kila mmoja akiongeza chumvi, hata bei inapomfikia mshitiri, mwenye nyumba mwenyewe hawezi kuitambua. Kenya ina sheria ya mawakala wa nyumba tangu mwaka 1984, yenye bodi ya kuwaandikisha, na Dubai tangu 2007 ina idara inayomtaka kila dalali awe na kibali. Dalali wa mtaani kwetu hujitawaza mwenyewe, kwa simu ya mkononi na vespa. Ningependa yaje masharti, na yaje yakiwa makali, ijapokuwa najua wenzangu wa barazani watanilaumu kwa kusema hivyo.

Kuhusu kampuni za fleti sina mengi. Kuishi ghorofani si ajabu kwetu, maana majengo ya Michenzani yalianza kujengwa enzi za Mzee Karume kwa msaada wa Wajerumani wa Mashariki. Kilicho kigeni ni kuuza fleti ambayo bado ni ramani. Fumba Town, ulioanza kujengwa katikati ya miaka ya 2010 huko kusini ya uwanja wa ndege, umewazoesha watu kulipa kwa mafungu wakati jengo likipanda, na wanaonunua ni pamoja na Wazanzibari walio Oman, London na Toronto, ambao wameona picha na hawakuona ardhi. Hakim bin Hizam, sahaba aliyekuwa mfanyabiashara, aliulizia jambo kama hilo, la mshitiri kutaka kitu ambacho muuzaji hanacho, naye Mtume akamkataza kuuza asichokuwa nacho. Wanavyuoni wakaja wakabainisha milango ya halali, kama vile istisnaa, ambayo kinachoagizwa kutengenezwa hulipiwa kwa sifa zilizotajwa wazi na muda uliotajwa wazi. Afisa mauzo mwenye insafu atalishika sharti hilo la sifa na muda kwa meno: ukubwa kwa mita, aina ya mlango, mwezi wa kukabidhiwa, na fidia ikichelewa. Mtu aliyewahi kuagiza kontena na kulisubiri bandarini Malindi anajua tofauti ya "liko njiani" na "limefika". Basi na amfundishe na mnunuzi wake.

Kuna jambo moja ambalo sikulitia maanani mpaka alipokuwa akiaga, nami nikamrudisha aketi tena. Katika miaka yangu yote, haki zinazosahauliwa katika mauzo ya nyumba za mirathi ni za wanawake. Ndugu wa kiume ndiye ashikaye funguo, ndiye akaaye na dalali barazani, ndiye asemaye "dada zangu hawana neno". Na dalali mwanamume hawezi kupita ukumbi akaingia ndani kuwauliza dada wenyewe kama kweli hawana neno. Mwanamke mwenye kazi hii ataingia. Ataketi jikoni, atauliza habari za watoto, na katika saa moja atakuwa amejua ni nani aliyetia sahihi kwa ridhaa na ni nani aliyeletewa karatasi usiku akaambiwa "weka kidole hapa". Nilimwambia kwamba hiyo peke yake ni sababu ya kutosha kuiacha meza ya duka, na kwamba kampuni iliyomwita haijui imepata nini.

Shauri langu, basi, lilikuwa kwamba aende, lakini si mwezi huu. Abaki dukani mpaka akiba itimie, na siku zake za mapumziko afuatane nami bila ujira, aone Kamisheni ya Ardhi ina madirisha mangapi, na Kadhi hukaa saa ngapi. Alikubali kwa nusu ya moyo, maana ujana hauna subira. Wiki ya tatu nilimpa faili la nyumba ya warithi wanane, iliyokwisha kupata mnunuzi mwenye fedha taslimu, nikamwambia alipitie kama apitiavyo shehena. Alilirudisha kesho yake na karatasi moja juu yake, imeandikwa kwa mwandiko wa daftari la stoo: sahihi zilizopo saba, iliyokosekana moja, ya dada aliyeolewa Wete, ambaye alipopigiwa simu alisema ndiyo kwanza anasikia kwamba nyumba ya baba yake inauzwa. Nyumba hiyo mpaka leo haijauzwa.